SINDANO NA UZI NDANI YA GEREZA

Somo la Umoja wa Akina Mama na vikundi vya mtaa. Kabla ya kukutana, someni Mathayo 25:31–46 na Kutoka 35:20–35.



Tunapokwenda kuwazuru akina mama walio gerezani, vikapu vyetu hujaa vitu tunavyovijua: sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya kujipaka, na vitambaa vya usafi wa kila mwezi. Vitu hivyo ni vyema na visiachwe. Lakini sabuni huisha kwa juma moja, na mama aliyepewa kifungo cha miaka saba ana majuma mengi mbele yake. Je, kuna kitu cha kumsaidia katika saa zile ambazo mlango umefungwa, kazi ya siku imekwisha, na mawazo yanaanza kuja? Mwezi huu tujifunze juu ya jambo ambalo limejaribiwa mahali pengi na kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Ni warsha za sanaa kwa wanawake wafungwa: kushona, kutarizi, kuchora, kufinyanga, kusuka, kutunga ushanga.

Kwanza tuwaangalie akina mama wenyewe. Hesabu iliyotolewa London mwaka 2022, na taasisi inayokusanya habari za magereza ya dunia nzima, ilionyesha kwamba wanawake na wasichana walio kifungoni walizidi 740,000. Hao ni kama 7 katika kila wafungwa 100. Katika Afrika ni wachache zaidi, kama 3 katika 100. Mtu anaweza kufikiri kwamba uchache huo ni nafuu kwao, kumbe ndio shida yao. Magereza yalijengwa na kanuni zikaandikwa kwa kuwafikiria wanaume, na mwanamke akaingizwa humo kama mgeni asiyetarajiwa. Tena magereza ya wanawake ni machache, hivyo wengi hufungwa mbali na kwao, na nauli ya kwenda kuwaona ni kubwa. Mwanamume akifungwa, mara nyingi mkewe humletea chakula. Mwanamke akifungwa, anaweza kukaa mwaka mzima asione mtu wa nyumbani, huku akijiuliza watoto wanalala wapi. Wengine wana watoto wachanga pamoja nao. Nchini Kenya sheria humruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani mpaka atimize miaka 4. Baada ya hapo ni kuachana, na siku hiyo ya kuachana ni kifungo kingine.

Zaidi ya hayo, wengi wao walikuwa wamepigwa na kuumizwa kabla hawajavunja sheria yoyote. Umoja wa Mataifa ulilitambua jambo hilo mwezi Desemba 2010, ulipopitisha kanuni 70 za kuwatunza wanawake wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Bangkok. Kanuni hizo zataka mwanamke anapoingia gerezani aangaliwe afya ya moyo na akili pia, aulizwe kwa upole juu ya maumivu aliyoyapata huko nyuma, na apatiwe matunzo yanayomfaa. Kuandika ni rahisi. Penye wafungwa mia kadhaa na mganga mmoja, au pasipo na mganga wa moyo hata mmoja, matunzo hayo yatatoka wapi? Hapo ndipo mtu wa kawaida mwenye sindano na uzi anapopata nafasi, ingawa nafasi yake ina mipaka, kama tutakavyoona.

NEWGATE, MWAKA 1813

Katika kalenda ya Kanisa la Uingereza, tarehe 12 Oktoba hukumbukwa mama mmoja ambaye hakuwa Mwanglikana. Jina lake Elizabeth Fry, wa dhehebu la Marafiki, ndugu zao hao walioingia Kaimosi katika Kenya mwaka 1902. Alizaliwa Norwich mwaka 1780, akaolewa na mfanyabiashara wa London, akazaa watoto 11. Mwaka 1813 aliambiwa habari za gereza la Newgate katika mji wa London, akaenda kuona kwa macho yake. Alikuta wanawake kama 300 pamoja na watoto wao wamebanwa katika vyumba vichache, wakilala chini bila matandiko, wakipika, wakifua na kulala mahali pale pale. Mkuu wa gereza mwenyewe aliogopa kuingia humo.

Safari ile ya kwanza mama Fry alipeleka nguo za watoto wachanga. Miaka mitatu hivi ikapita, ndipo akarudi na kuanza kazi hasa. Mwaka 1817 chama kiliundwa cha akina mama 12, kumi na mmoja kati yao wakiwa Marafiki, na wa kumi na mbili alikuwa mke wa kasisi. (Natumaini wake wa makasisi wetu wanasoma hapa.) Walifungua shule ya watoto humo humo gerezani. Wafungwa wenyewe walimchagua mwalimu, msichana aitwaye Mary Connor, aliyekuwa amefungwa kwa kuiba saa. Mama wafungwa waliposikia watoto wanafundishwa, wakaomba na wao wapewe la kufanya.

Wakubwa wa mji hawakuamini. Walisema vitambaa vitaibiwa na sindano zitapotea. Lakini akina mama wale walikusanya vipande vya nguo kutoka kwa wafanyabiashara, wakawafundisha wafungwa kufuma soksi na kushona viraka. Yafaa tutazame jinsi walivyoanza. Hawakuja na orodha ya amri na kuibandika ukutani. Waliwakusanya wafungwa, wakasoma kanuni moja moja, na kwa kila kanuni wafungwa wakainua mikono kukubali. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuulizwa maoni na mtu aliyevaa vizuri. Mwaka uliofuata, 1818, mama Fry aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza aliyoyaona, na sheria ya magereza ya mwaka 1823 ikaagiza kwamba wafungwa wanawake wasimamiwe na wanawake.

MFARISHI WA MERIKEBU RAJAH

Siku hizo Uingereza ilikuwa ikiwapeleka wafungwa wake Australia kwa merikebu, safari ya miezi mitatu, minne au zaidi. Elizabeth Fry na wenzake walizizuru merikebu hizo kabla hazijang'oa nanga. Kila mwanamke alipewa mfuko wenye sindano, uzi, mkasi, kastabini, pini, na ratili mbili za vipande vya nguo vya kushonea mfarishi, yaani lile shuka la kitanda linaloshonwa kwa viraka vingi. Shabaha ilikuwa mikono isikae bure baharini, na pia kwamba mwanamke akifika aweze kuuza alichokishona apate fedha kidogo za kuanzia.

Tarehe 5 Aprili 1841 merikebu iitwayo Rajah ilitoka Woolwich karibu na London ikiwa na wanawake wafungwa 180. Msimamizi wao alikuwa msichana Kezia Hayter, mwenye umri wa miaka 23. Walifika Hobart, katika kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, tarehe 19 Julai. (Safarini Kezia alichumbiwa na nahodha, lakini hilo si somo letu.) Walipofika, kati ya mizigo kulikuwa na mfarishi mmoja mkubwa sana, zaidi ya meta 3 kila upande, umeshonwa kwa vipande 2,815. Katikati kuna ndege na maua yaliyokatwa kutoka vitambaa vingine na kubandikwa kwa mshono. Pembezoni kuna maandishi ya kutarizi yenye shukrani kwa akina mama wa ile kamati. Ulipewa mke wa gavana. Halafu ukapotea machoni pa watu kwa miaka mingi, mpaka ulipopatikana katika dari la nyumba moja huko Scotland. Tangu mwaka 1989 umo katika Jumba la Sanaa la Taifa la Australia, mjini Canberra. Huonyeshwa kwa nadra, maana kitambaa kimechakaa na mwanga unaweza kukiharibu.

Watu walioutazama kwa karibu waliona jambo la kutufunza sisi. Mishono yake hailingani. Mahali pengine ni ya fundi hodari, mahali pengine ni ya mtu aliyekuwa anashika sindano kwa mara ya kwanza. Pana madoa madogo ya rangi ya kahawia yanayodhaniwa kuwa ni damu ya vidole vilivyochomwa. Hakuna aliyefumua mshono wa yule asiyejua ili kazi ipendeze. Wote waliingia, hodari na mwanagenzi, na wote wamo hata leo.

Hata hivyo tusimfanye mtu yeyote malaika. Wanawake wale waliposhuka Hobart hawakupokewa na maua. Walikwenda kutumikia vifungo vyao katika kazi ngumu, na mfarishi haukupunguza kifungo cha mtu hata kwa siku moja. Tena shukrani iliyotariziwa pale inawataja waliotoa vitambaa. Walioshona wanatajwa kwa jumla tu, kama wafungwa wa merikebu hiyo. Hakuna jina la mwanamke hata mmoja kati yao lililoandikwa juu ya kazi ya mikono yake.

CHANGI: KILA MTU NA JINA LAKE

Sasa tuvuke miaka mia moja. Tarehe 15 Februari 1942 mji wa Singapore ulianguka mikononi mwa Wajapani. Raia wa kizungu walikamatwa, na mwezi Machi zaidi ya wanawake na watoto 400 walitembezwa kwa miguu mpaka gereza la Changi. Gereza lile lilijengwa kwa wafungwa 600 hivi, nalo likajazwa maelfu. Wanaume walifungwa upande wao, na wengine walikuwa katika kambi ya askari. Mke hakujua kama mumewe yu hai.

Kati yao alikuwapo mama kutoka Kanada, Ethel Mulvany, aliyekuwa akifanya kazi na Msalaba Mwekundu. Alitoa shauri kwamba kila mwanamke apewe kipande kimoja cha kitambaa cha mraba, atarizi juu yake chochote anachotaka kinachomhusu mwenyewe, kisha aweke jina lake. Vipande 66 viliunganishwa kuwa mfarishi mmoja. Ikatengenezwa mitatu: mmoja kwa majeruhi Waingereza, mmoja kwa majeruhi Waaustralia, na mmoja kwa majeruhi Wajapani. Juu ya huo wa tatu waliandika maneno ya kuwahurumia askari hao kwa mateso yao, na mwaka wakauandika kwa hesabu ya Kijapani, 2602. Wengine husema ilikuwa ni akili tu ya kuwalainisha walinzi ili ile miwili mingine ipite. Labda. Lakini kushona vipande 66 kwa ajili ya majeruhi wa adui, huku tumbo lina njaa, si kazi ya hila peke yake.

Mifarishi ilipelekwa hospitali ya kambi. Huko waume walitafuta majina kipande kwa kipande, na wengine wakajua kwa njia hiyo kwamba wake zao wangali hai. Juu ya vile vipande wanawake walitarizi maua, bendera, ramani za nchi zao, na vyumba vya gereza lile lile. Leo mifarishi ya Waaustralia na Wajapani iko katika Jumba la Kumbukumbu za Vita mjini Canberra, na ule wa Waingereza uko kwa Msalaba Mwekundu wa Uingereza, London.

Mama huyo huyo Mulvany alikuwa na mchezo mwingine. Wakati wa njaa kali, wanawake waliketi pamoja na kusimuliana mapishi, sahani kwa sahani, nyama hii na keki ile, mpaka wakasema walihisi kama wamekula. Yeye aliyaandika. Baada ya vita, mwaka 1946, aliyapiga chapa kuwa kitabu, akakiuza, na fedha zikasaidia waliokuwa wafungwa wa vita. Mtu asifikiri alikuwa mama mwenye nguvu zisizo na kikomo. Aliugua akili yeye mwenyewe, na alipitia kifungo cha upweke ndani ya kifungo. Nalitaja hili kwa sababu twapenda kudhani kwamba anayeongoza warsha ni mzima na wanaoshona ndio wagonjwa.

KINACHOTENDEKA MOYONI

Kwa nini kitambaa na uzi vimsaidie mtu mwenye huzuni nzito? Tutazame siku ya mfungwa. Saa ya kuamka amepangiwa, chakula amepangiwa, nguo, kazi na saa ya kulala vivyo hivyo. Baada ya muda anasahau kuchagua. Mpe vipande vitano vya kitambaa umwulize, “Mama, waanza na upi?” na huenda akakaa kimya dakika kumi. Usimsaidie kuchagua. Kule kukaa kimya ndiko kazi yenyewe. Akichukua cha buluu, amekata shauri, na kesho ataweza kukata jingine.

Pili, mikono inapohesabu mishono, mawazo hupata mahali pa kutua. Mama anayezunguka katika jambo lile lile, “laiti nisingalifanya, laiti nisingalisema,” hupata nusu saa ya kupumzika. Tatu, wanawake wanaoshona pamoja hutazama kazi, hawatazamani usoni, na kila mtu aliyewahi kuchambua mchele barazani na jirani yake anajua kwamba maneno mazito hutoka kwa urahisi wakati macho yako kwenye ungo. Nne, kazi ikikamilika, yupo mtu aliyesikia siku nyingi kwamba yeye ni mwizi au mwuaji, na sasa anaona kwa macho kitu kizuri kilichotoka kwake.

Wataalamu wamejaribu kulipima jambo hili. Katika magereza ya jimbo la Florida, Marekani, mwalimu wa chuo kikuu David Gussak aliwapima wafungwa wanaume na wanawake kabla na baada ya majuma kadhaa ya kufanya sanaa na mtaalamu. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha kwamba huzuni yao ilipungua, na walianza kuona kwamba maisha yao yanaweza kuongozwa na maamuzi yao wenyewe. Wanawake walibadilika zaidi ya wanaume. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2016, ulifanywa kwa watu 39 ambao hawakuwa wafungwa. Baada ya dakika 45 za kuchora na kufinyanga, kiasi cha kemikali ya mwilini inayopanda mtu anapokuwa na wasiwasi kilikuwa kimeshuka kwa watu kama watatu katika kila wanne, wajuzi na wasiojua sawasawa. Watu 39 ni wachache, na haifai kujenga nyumba kubwa juu ya msingi mdogo. Ila inatia moyo kusikia kwamba asiyejua kuchora alifaidika kama anayejua.

Lazima pia tutofautishe mambo mawili. Kuna uganga wa moyo kwa njia ya sanaa. Jina lake lilitolewa na mchoraji Mwingereza Adrian Hill mwaka 1942, baada ya yeye mwenyewe kulazwa kwa kifua kikuu na kujituliza kwa kuchora. Huo ni utabibu wenye mafunzo yake, na nchini Uingereza hairuhusiwi kujiita tabibu wa namna hiyo bila kusajiliwa. Sisi wa mtaa hatuna elimu hiyo. Twaweza kufanya warsha: kuleta vifaa, kukaa pamoja, kufundishana. Tukijua mpaka huo hatutaumiza mtu.

MTAA UKITAKA KUANZA

Akina mama wa pwani na bara wana chuo chao tayari, nacho ni kanga. Kila mmoja wetu anajua kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Kwa jina la kanga mwanamke husema asiloweza kulisema kwa mdomo. Basi katika warsha, mpe kila mama kitambaa cheupe, aweke pindo lake, mji wake, na jina alitakalo. Hakuna haja ya kumweleza maana. Atajua nini cha kuweka katikati na nini cha kuweka pembeni. Asiyejua kuandika na amwambie mwenzake amwandikie herufi kwa penseli, yeye afuate kwa uzi. Wengine wamejifunza kusoma jina lao kwa njia hiyo.

Kabla ya hapo kuna mambo ya uangalifu. Onaneni na mkuu wa gereza, pamoja na kasisi wa gereza kama yupo, na mwulizeni ni vifaa gani vinaruhusiwa. Sindano na mikasi huhesabiwa wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha, mbele ya askari. Sindano moja ikikosekana, chumba kizima chaweza kupekuliwa, na mama asiye na hatia akaonja aibu kwa sababu ya uzembe wetu. Gereza likikataa vyuma, yapo mengi yasiyo na ncha: ukili wa kusuka mkeka, udongo wa mfinyanzi, ushanga wa kutungwa kwa uzi mgumu, karatasi na kalamu za rangi. Kikundi kisizidi watu 12. Siku iwe moja kila juma, na saa ile ile. Mkisema Alhamisi, iwe Alhamisi, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Wanawake wale wameachwa na watu wengi waliosema watarudi. Afadhali kuahidi vikao sita na kuvitimiza kuliko kuahidi mwaka mzima na kutoweka baada ya Pasaka.

Msimwulize mtu kosa lake. Msipige picha za nyuso. Msimwambie mtu achore siku aliyokamatwa, au mtu aliyemwumiza. Jeraha lisifunguliwe na asiyejua kulifunga. Akilichora mwenyewe kwa hiari yake, mkae naye, msikilize, msishtuke. Na hapa nina neno kwa sisi watu wa kanisa, maana twapenda kufasiri. Mama akipaka karatasi yote rangi nyeusi, hatuna ruhusa ya kusema ni pepo. Huenda alipenda nyeusi, au ndiyo kalamu iliyobaki. Mwulizeni tu, “Niambie habari zake, dada,” na akinyamaza, na iwe hivyo.

Kuna siri moja isiyoweza kutunzwa. Mwanzoni kabisa, kabla ya mtu kushika uzi, waambieni kwamba mkiona dalili kuwa mtu anataka kujiua au kumdhuru mwingine, mtawaambia askari wa zamu na mganga. Waambieni waziwazi. Wataelewa, na watawaamini zaidi kuliko mkiahidi siri zote na kuivunja moja.

Askari wanawake nao wasisahauliwe. Wao pia wamefungiwa humo saa nyingi, na mara nyingi mmoja wao huvuta kiti taratibu na kuuliza mshono huu unaanzaje. Mpeni kitambaa.

HABARI ZA FEDHA

Vitu vizuri vikitoka gerezani, mtu atataka kuviuza. Katika hili yapo majaribu. Huko Uingereza Lady Anne Tree alianza kuwazuru wafungwa mwaka 1949. Aliona jinsi wanavyokaa vyumbani saa nyingi bila kazi, akaanza kuomba waruhusiwe kutarizi na kulipwa ujira. Serikali ilikataa kwa miaka mingi. Chama chake, Fine Cell Work, kilianza mwaka 1997, nacho huwafundisha wafungwa kutarizi vyumbani mwao, huuza kazi zao, na kuwapa sehemu ya fedha. Jambo la kuchekesha ni kwamba wengi wa watarizi hao ni wanaume. Mwaka 2010 jumba kubwa la makumbusho la Victoria na Albert, London, lilionyesha mfarishi ulioshonwa na wafungwa wa gereza la Wandsworth, ambalo ni la wanaume.

Nadhani Lady Anne aliona sawasawa. Warsha ikigeuka kiwanda, ambapo mama hushona mito 20 ya kuuzwa katika mavuno ya kanisa na yeye hapati hata shilingi, hiyo ni kazi ya kulazimishwa iliyovishwa rangi. Kama vitu vinauzwa, fedha ziende kwake au kwa watoto wake, kwa njia ambayo gereza limeikubali, na hesabu ziandikwe. Na kila kipande kiwe na jina lake, akipenda. Asipopenda, asilazimishwe, kwa maana ana watoto shuleni. Kipande cha kwanza kabisa kisiuzwe. Abaki nacho, au ampelekee mtoto wake.

SIKU YA KUTOKA

Mwaka 1979 wanawake wawili waliokuwa wafungwa katika gereza la Askham Grange, Uingereza, walianzisha kundi la michezo ya kuigiza liitwalo Clean Break. Hawakungoja kuanzishiwa na watu wema. Kundi hilo lingali likifanya kazi hata sasa, likiwafundisha wanawake waliopitia gerezani. Nalileta hapa kwa sababu warsha nyingi hufia langoni. Mama anatoka na bahasha yake na nguo alizoingia nazo, na kitambaa alichokitarizi hakina wa kukionyesha. Umoja wa Akina Mama katika mtaa wowote una siku yake ya kushona. Je, kiti kipo?

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Wekeni muda wa kutosha kwa maswali haya, wala msiyamalize yote kwa kikao kimoja kama hayaishi.

Ni nani katika mtaa wetu ana ndugu mwanamke aliye gerezani sasa? Kama hakuna anayejibu, je, ni kwa sababu hakuna, au ni kwa sababu ya aibu?

Gereza la wanawake lililo karibu nasi liko umbali gani, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani? Mama mmoja apewe kazi ya kuuliza kabla ya kikao kijacho.

Wafungwa wa Newgate waliulizwa kanuni kwa kuinua mikono. Katika kikundi chetu, ni kanuni gani tuliyowahi kuulizwa kwa namna hiyo?

Walioshona mfarishi wa Rajah hawakuandika majina yao. Wale wa Changi waliandika. Kama ni wewe, ungaliandika? Kwa nini?

Mama aliyemaliza kifungo kwa wizi akija siku yetu ya kushona, nani atamkabidhi mkasi wa kikundi? Na baada ya miezi sita, nani atamkabidhi sanduku la fedha?